Shepard wa kike alitangazwa, ila kwa kuchelewa
Wapo wanaosema kwamba Shepard wa kike hakuwahi kutangazwa. Hapana, si kweli. Shepard ndiye shujaa wa gemu za video za Mass Effect, na mchezaji huchagua awe mwanamume au mwanamke. Mass Effect ya kwanza ya 2007 na ya pili ya 2010 zilimweka mwanamume kwenye kava, lakini Mass Effect 3 ya 2012 ilimpa mwanamke trela yake, na karatasi ya kava ikachapwa pande mbili: unaichomoa kwenye kasha, unaigeuza, huyo hapo na nywele zake nyekundu. Yangu niliigeuza siku ileile. Ila dukani bado aliyekutazama alikuwa yule dume. Kwangu mimi walichelewa mno. Sauti ya Jennifer Hale, mwigizaji anayemsemea Shepard wa kike, ilikuwemo tangu gemu ya kwanza, sasa mnunuzi anayeangalia kava tu angejuaje?