Jibu: Sutra ni sentensi moja au hotuba nzima?

Habari mkuu. Umekwama hapa: ulisoma Yoga Sutra, kitabu cha Kihindu kuhusu yoga, ukakuta vijisentensi vya maneno manne matano, kisha ukafungua sutra ya Kibudha ukakutana na kurasa nzima za mazungumzo. Hujakosea, ni vitu viwili vyenye jina moja.

Neno ni la Kisanskriti, maana yake uzi. (Ndiyo, kama huu uzi wako.)

Kwanza angalia kitabu ni cha dini gani. Kwa Wahindu, sutra ni kauli iliyobanwa hadi basi ili ikaririwe. Kuifungua ni kazi ya mwalimu. Chukua hii ya Patanjali, anayetajwa kuwa mtunzi wa Yoga Sutra: "yogaś citta-vṛtti-nirodhaḥ", yaani yoga ni kuyatuliza mawimbi ya akili. Hata kitenzi hakimo! Niliihangaikia wiki nzima mpaka nikapata toleo lenye ufafanuzi wa Vyasa, mfafanuzi wake wa kale. Usisome bila ufafanuzi, utapoteza muda.

Kwa Wabudha, sutra (Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, husema sutta) ni hotuba inayohesabiwa kuwa ya Buddha. Tazama mstari wa kwanza: "Hivi ndivyo nilivyosikia." Kwa mapokeo msemaji ni Ananda, mhudumu wake, kisha hutajwa mahali na waliokuwepo. Soma kama kisa. Wapo wataalamu wanaosema sutta ilitokana na sukta, "kilichosemwa vyema", na mimi naona inaingia akilini zaidi kuliko uzi.

Ila Sutra ya Moyo, andiko maarufu la Kibudha, katika toleo lake fupi haina mwanzo huo wa "Hivi ndivyo nilivyosikia." Isikuchanganye.