Usiende jeshini mikono mitupu

Kila mwaka majina ya wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yakitoka, simu yangu haipumziki. Watoto wa ndugu, wa majirani, wa wanakwaya wenzangu, wote wana swali lilelile: "Shangazi, niende jeshi? Na nikienda, niombe anga, majini au nchi kavu?" Nilivua gwanda nikiwa sajenti wa mawasiliano, na jibu langu huwaudhi wengi. Hilo swali la pili, mdogo wangu, huenda hata usiulizwe.

Ukiingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kama askari, kwanza unakwenda depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali. Wengi wetu tulipita Kihangaiko, kule Msata mkoani Pwani. Depo hakuna mwana anga wala mwanamaji, kuna makuruta. Kugawanywa kunakuja baadaye, na anayegawa ana orodha ya nafasi zilizo wazi upande mmoja, karatasi zako upande wa pili. Ndoto yako haimo katika karatasi hizo. Kombania yetu ilikuwa na kijana wa Ukerewe aliyekulia mtumbwini, hana wimbo mwingine ila Kigamboni kwa wanamaji. Akaishia askari wa miguu, bara kabisa, kikosi ambacho hata maji ya kuoga yaliletwa na boza. Mimi nilikuwa wa mwisho mwisho kwenye mbio na kuogelea sijui. Ila nilikuwa na cheti cha chuo cha ufundi, VETA, cha umeme wa majumbani, nilichokisomea shingo upande baada ya matokeo ya kidato cha sita kunigomea. Cheti hicho ndicho kilichonipeleka kwenye redio na mitambo, na ndicho kinachonilisha mpaka leo nikiwa uraiani.

Kwa hiyo ukiniuliza tawi gani, nitakuuliza unajua kufanya nini. Ufundi magari, uuguzi, uchomeleaji, leseni ya magari makubwa, kompyuta, hata mapishi kama umeyasomea kweli. Mwenye fani ana nafasi ya kupelekwa kwenye fani yake. Asiye nayo atakwenda popote penye pengo, na pengo kubwa siku zote liko kwa askari wa miguu. Sidharau miguu, jeshi ndiyo hiyo. Nasema tu uingie ukijua. Anga nayo ina udanganyifu wake: vijana huona ndege, wakati kazi nyingi za kule ziko chini, kwenye gereji, rada na ulinzi wa uwanja. Na kabla hujaililia bahari, panda boti ya Zanzibar siku ya kaskazi kali, uone tumbo lako linasemaje.

Sasa JKT, maana hapo ndipo wengi mnapochanganya. JKT lilianzishwa 10 Julai 1963, na milango yake ni miwili. Wa kwanza ni mujibu wa sheria, kwa waliomaliza kidato cha sita: ulisimamishwa 1994, ukarudi 2013, na mafunzo ni miezi mitatu. Wa pili ni kujitolea, miaka miwili, na usaili huanzia wilayani na mikoani kwenu. Kila tangazo la kujitolea hubeba sentensi ambayo vijana huiruka kwa macho: JKT halitoi ajira, wala halihusiki kukutafutia. Ni kweli kwamba vyombo vya ulinzi huchukua watu waliopita JKT, na wengine hupata kazi SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, lakini nimeona mabinti wakirudi kijijini baada ya miaka miwili wameduwaa, kana kwamba wametapeliwa. Hawakutapeliwa. Hawakusoma tangazo. Ukienda kujitolea, hesabu kwamba utarudi nyumbani, kisha kila siku ujifunze kitu cha kurudi nacho: ushonaji, kilimo, ufugaji, ujenzi. Fursa hizo zipo makambini na wengi huzichezea.

Wewe uliyeitwa kwa mujibu wa sheria umepewa jaribio la bure, litumie hivyo. Watu hudhani jaribio ni mwili. Hapana. Kuamshwa saa kumi alfajiri, mchakamchaka na chenja zake, yaani nyimbo za kukimbilia, kwata juani, fatiki, yaani kazi za mikono, na jembe, haya yanauma wiki mbili za kwanza, ya tatu mwili unakubali. Hata mimi niliyekuwa nikizimia kwenye paredi nilizoea. Kinachomshinda mtu ni kingine. Siku moja nilikula doso, adhabu ya mazoezi, kwa kosa la mwenzangu wa hanga, yaani bweni letu, na aliyetoa adhabu alijua fika si mimi. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Nilitakiwa kusema "ndiyo afande", nikasema, nikaendelea kuruka kichura. Usiku ule sikulala, na wala si kwa maumivu ya miguu. Nilikuwa najiuliza kama naweza kusema "ndiyo afande" kwa miaka ishirini, mara nyingine kwa mtu aliyekosea, halafu asubuhi nikaamka bila kinyongo. Nilipoona naweza, nikajua nafaa. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alikimbia kunishinda, alilenga shabaha kunishinda, lakini swali hilo lilimtafuna. Leo ni mwanasheria mzuri sana, na nadhani alichagua sawasawa.

Usijipime wiki ya kwanza ambayo kila kitu ni kigeni, wala wiki ya shabaha ambayo kila mtu anajiona komandoo. Jipime katikati, wiki ya sita hivi, mambo yamekuwa yaleyale, uko lindoni saa nane usiku, mbu wanakula masikio na hakuna anayekuangalia. Ukilinda vilevile bila kuangaliwa, wewe ni askari.

Mwenye shahada aangalie pia mlango wa kadeti, yaani mafunzo ya uofisa, Monduli, unakotoka na nyota moja ya luteni usu. Nimeona wenye digrii wakiingia kama maprivati kwa haraka ya kupata ajira, wakitegemea kupanda wakishafika ndani. Njia hiyo ipo na wapo niliowaona wakipita, lakini foleni yake ni ndefu na umri haukusubiri. Na uofisa si mshahara tu. Ni kuongoza watu thelathini, baadhi yao wana watoto wa umri wako, na wanakusoma kabla hujafungua mdomo.

Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto, hivi navyo ni vyombo vyenye gwanda, ila kazi ni tofauti kabisa. Kama unachotaka ni kushughulika na raia kila siku, jeshi litakuchosha kwa upweke, nenda huko. Sina zaidi la kusema kuhusu hivyo, sikuvitumikia.

La nyumbani lizungumzwe mapema. Uhamisho unakuja bila kuuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Wangu mkubwa alisoma shule tatu za msingi. Halafu kuna operesheni za nje. Usiku wa 7 Desemba 2017 kambi ya askari wetu walio chini ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, na hesabu ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa Watanzania 14 wameuawa. Wazazi wengi wanatamani picha ya mtoto kavaa gwanda ukutani, wachache wamekaa wakalifikiria hili. Kaa nao. Usiwaachie walisikie redioni.

Na kama una damu ya siasa, soma ibara ya 147 ya Katiba. Mwanajeshi haruhusiwi kujiunga na chama chochote, haki yake ni kupiga kura tu. Neno mwanajeshi pale linamjumuisha askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Usije ukala kiapo halafu ukaanza kubishana mitandaoni.

Nafasi haiuzwi. Anayekuomba hela ya "kuingiza jina" ni mwizi, hata akikuonyesha picha na mkuu gani. Michoro mwilini nayo usiichore, matangazo mengi ya vyombo yanaikataa, na kuifuta ni gharama.

Wanaoripoti mwaka huu, fuateni orodha ya vifaa kama ilivyo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na sweta kama umepangiwa kambi ya baridi kama Mafinga. Raba zinunue mapema, uzivae nyumbani kila siku ukienda dukani na sokoni mpaka zikujue mguu. Mimi zangu nilizitoa kwenye boksi asubuhi ya ruti machi ya kwanza, yaani matembezi marefu ya kijeshi, na kucha ya kidole gumba niliiacha njiani.