Gari Likisimama Ndipo Ndege Huonekana: Ushauri wa Likizo ya Kampavani Ufaransa

Safari yetu ya kwanza ya kampavani, yaani gari la kusafiria na kulala humohumo, nchini Ufaransa ilikuwa ya siku 14 na zaidi ya kilomita 3,000, na tuliporudi nyumbani Uingereza niligundua kwamba ndege wengi nilioandika kwenye daftari langu nilikuwa nimewaona kupitia kioo cha mbele, tena wakiwa mbioni kutukimbia. Mume wangu, ambaye ndiye dereva, alirudi na maumivu ya mgongo. Mimi nilirudi na majina ya miji ambayo hata leo siwezi kueleza ikoje. Tangu hapo tumekwenda mara tatu, na kila mara tumepunguza vituo, mpaka mwaka huu tulipobakiza vinne tu kwa majuma matatu ya Mei na Juni: ghuba ya Somme kaskazini, mabwawa ya Brenne katikati ya nchi, magenge ya mto Jonte kusini na delta ya Camargue mwambao wa Mediterania.

Wanaoniuliza kuhusu likizo ya namna hii huanza na bei, nami huwajibu kwa kuanza na alfajiri. Ukijumlisha gharama ya kukodi gari, au bima na matengenezo kama ni lako, kisha mafuta, ushuru wa barabara kuu na nauli ya feri, hutaokoa fedha nyingi ukilinganisha na nyumba za wageni za kawaida. Unachokipata ni kuamka hatua mia chache kutoka kwenye maji, kuchemsha chai blanketi likiwa bado mabegani, na kuwa umeketi kimya na darubini saa kumi na mbili asubuhi, wakati mgeni wa hoteli anasubiri mlango wa chumba cha kulia ufunguliwe. Ndege walio wengi huimba na kutafuta chakula zaidi katika saa mbili za mwanzo wa siku. Kwa hiyo unapopanga safari usijiulize mtapita wapi, jiulize mtaamkia wapi, na mahali panapolijibu vizuri swali hilo mpape siku nne au tano.

Kuhusu gari lenyewe, letu ni van ya kawaida iliyowekewa kitanda, jiko dogo la gesi, friji na choo cha kubebeka, na kimo chake ni mita 2.65. Kiandike kimo cha gari lako kwa mita na ukibandike mbele ya dereva, kwa sababu maegesho mengi ya ufukweni na ya madukani huko yamewekewa chuma cha kuzuia magari yanayozidi takriban mita 2. Sisi tulijifunza hilo kwa kupoteza kifuniko cha dirisha la paa mbele ya duka moja, huku wateja waliokumbatia mikate yao mirefu wakituonea huruma. Kimo hichohicho huamua ushuru wa barabara: gari lenye kimo kati ya mita 2 na 3 hutozwa kwa daraja la pili, ambalo ni ghali kuliko la magari madogo. Uzito nao una mpaka wake, kwani leseni ya kawaida ya gari dogo inaishia kilo 3,500, maji, baiskeli na abiria wakiwa wamehesabiwa.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kuendesha upande wa kushoto, na Ufaransa wanaendesha kulia. Hatari haiko kwenye barabara kuu, ambako magari mengine yanakuongoza. Iko asubuhi, unapotoka kwenye kijia cha shamba kuingia barabara tupu huku akili bado ina usingizi. Mume wangu amefunga kipande cha kanga kwenye usukani ili kimkumbushe. Vijijini nako kuna kanuni ya kumpisha anayetokea kulia pale pasipo na alama nyingine, hata kama njia yake ni kichochoro na wewe uko barabara pana. Barabara nyingi za mashambani zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao kwa kampavani unatosha kabisa. Msomaji anayetoka Afrika Mashariki moja kwa moja atahitaji viza ya Schengen, na leseni yake iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi ya Kifaransa. Anayevuka kutoka Uingereza asibebe nyama wala maziwa, kwa kuwa siku hizi haviruhusiwi kuingizwa katika Umoja wa Ulaya. Nasi tulikula sambusa zetu zote za nyama kwenye foleni ya feri.

Suala la mahali pa kulala huwatia watu wasiwasi kuliko inavyostahili. Miji na vijiji vingi vina viwanja vya kampavani vinavyoitwa aires, baadhi vya bure na vingine vya ada ndogo, ambapo unajaza maji safi, unamwaga maji machafu na kusafisha choo. Ipo pia kambi ya manispaa, ambayo ni ya kawaida na mara nyingi ina bafu zuri, na upo mtandao wa wakulima na watengeneza mvinyo uitwao France Passion, ambao huwaruhusu wanachama kulala usiku mmoja shambani bila malipo. Halazimishwi mtu kununua kitu, ingawa sisi hatujawahi kuondoka bila jibini au asali. Kinachowaponza wengi ni kuchanganya kuegesha na kupiga kambi. Ukilala ndani ya gari lililoegeshwa mahali halali, kwa kawaida huna kosa isipokuwa kibao kinakataza. Ukitoa viti, meza na turubai, tayari umepiga kambi, na hilo lina sheria nyingine. Kwenye fukwe na ndani ya hifadhi usijaribu kabisa. Askari hupita, na hata wasipopita, taa na kelele zako zinawasumbua walewale ndege uliowafuata.

Ghuba ya Somme iko mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kutoka bandari ya Dieppe, na kwa anayeanza ndiyo ningempeleka kwanza. Hapo ndipo ilipo hifadhi ya Marquenterre, yenye njia za miguu za urefu tofauti, vibanda vya kutazamia ndege na waelekezaji wenye darubini kubwa ambao hukuachia uchungulie kadiri upendavyo. Tulimwona domomwiko, ndege mweupe ambaye mdomo wake kweli ni kama mwiko wa kusongea ugali, akiwa na viota juu ya misonobari pamoja na yangeyange na korongo weupe. Hao korongo weupe nilidhani ni walewale ninaowajua kutoka nyumbani, wanaofuata nzige na matrekta katika nyanda za Tanzania wakati wa baridi ya Ulaya. Mwelekezaji mmoja alinisahihisha kwa upole. Korongo wa Ufaransa huvuka mlango wa Gibraltar kuelekea Afrika Magharibi, na wengi siku hizi huishia Hispania kula majalalani. Wanaofika kwetu hutoka Ulaya ya mashariki, wakipita Bosphorus na Sinai na kufuata bonde la Nile. Nilijisikia kama mtu aliyemkumbatia mgeni stesheni akidhani ni binamu yake.

Katika ghuba hiyo maji hupwa mbali sana, kiasi kwamba unaona mchanga mtupu mpaka upeo wa macho, kisha hujaa kwa kasi na kwanza huingia kwenye mikondo iliyo nyuma yako. Mtu wa pwani anaweza kudhani anayajua maji kujaa na kupwa. Asijidanganye, avuke na mwongozaji au abaki ukingoni. Kwenye ncha ya Hourdel utawaona sili wamejilaza kwenye mafungu ya mchanga, nao waachiwe nafasi ya mita 300.

Brenne ni mahali pa watu wavumilivu. Watu wake huiita nchi ya mabwawa elfu, na mabwawa hayo hayakuumbwa na mto: yalianza kuchimbwa katika Zama za Kati ili kufuga samaki, kazi inayoendelea hadi leo. Kwa sababu hiyo karibu yote ni mali ya watu binafsi, yamezungushiwa waya, na mgeni anayetegemea kutembea ukingoni atarudi na hasira. Dawa yake ni kuanzia kwenye jumba la hifadhi karibu na ngome ya Bouchet, kijijini Rosnay, upate ramani ya vibanda vya umma, kisha uende hifadhi ya Chérine na ukae. Sisi tulikaa kwenye kibanda kimoja asubuhi tatu mfululizo. Siku ya kwanza tuliona bata. Ya pili tuliona membe wadogo wa maji baridi wakijenga viota juu ya majani ya yungiyungi, na siku ya tatu korongo wa rangi ya zambarau (kwa Kiingereza purple heron, si jamii ya wale weupe) alitoka kwenye matete karibu kiasi kwamba darubini ilishindwa kumlenga. Bwawa kubwa kuliko yote huko linaitwa Mer Rouge, yaani Bahari ya Shamu, na inasimuliwa kwamba jina hilo lililetwa na bwana wa Bouchet aliyerudi kutoka Vita vya Msalaba.

Kuelekea kusini tulichukua barabara kuu ya A75 kutoka Clermont-Ferrand, ambayo karibu yote haina ushuru isipokuwa kwenye daraja la Millau, nasi hatukufika huko kwa kuwa tulichepuka kwenda kijiji cha Le Rozier, Jonte inapokutana na Tarn. Kiswahili kimetupa neno korongo kwa ndege na kwa bonde la kina pia, lakini katika korongo hili mwenyeji ni tumbusi. Walikuwa wametoweka kabisa katika nyanda hizi katikati ya karne ya 20, kwa bunduki na sumu. Kuanzia mwaka 1981 tumbusi waliofugwa walianza kuachiwa hapa, na mwaka 1992 wakafuatiwa na wale weusi ambao ni wakubwa zaidi. Wafugaji wa kondoo wakakubali kuwawekea mizoga mahali maalumu badala ya kulipia ichukuliwe na malori, na leo mamia ya tumbusi huzunguka juu ya miamba hiyo. Mimi ninayetoka eneo ambako tumbusi bado wanakufa kwa mizoga iliyotiwa sumu nilisikiliza maelezo hayo kwa makini kuliko yote ya safari.

Hapa kanuni yangu ya alfajiri haifanyi kazi. Tumbusi ana mabawa yanayozidi mita mbili na nusu na hapendi kuyapiga. Husubiri jua lipashe miamba na hewa ya joto ianze kupanda, kwa hiyo kunywa chai bila haraka na uanze kupanda kama saa tatu. Njia ya juu ya genge kutoka Le Rozier ni nyembamba na sehemu nyingine haina kizuizi, haimfai anayeogopa kimo, lakini ukifika juu unawatazama tumbusi migongoni. Njia ndefu za nchi nzima zina alama ya mstari mweupe na mwekundu, za mitaa mstari wa njano, na ukikuta alama ya msalaba ujue umepotea, rudi mpaka alama ya mwisho. Anayekwenda majira ya kupukutika majani avae rangi kali, kwani huo ni msimu wa wawindaji.

Camargue tuliiweka mwisho, na nisingeibadilisha nafasi hiyo. Bustani ya kutazamia ndege ya Pont de Gau, kilomita chache kabla ya Saintes-Maries-de-la-Mer, haifunguliwi alfajiri, hivyo nenda saa kumi jioni ukae mpaka jua linapokaribia kuzama, wakati mwanga unapita chini ya mabawa ya heroe na vikundi vya watalii vimekwisha kuondoka. Heroe hawa ni wakubwa, aina ileile kubwa ipatikanayo pia katika maziwa ya Bonde la Ufa. Wale wadogo wanaozaliana Ziwa Natron ni aina nyingine. Asubuhi tulitembea kwenye ukingo wa Digue à la Mer, uliojengwa karne ya 19 kuzuia bahari na usiopitisha magari. Hakuna mti hata mmoja wa kivuli, kwa hiyo beba maji mengi na kofia. Upepo wa mistral ukivuma, geuza pua ya gari iuelekee, la sivyo mtalala kama mko mashuani. Na mbu wa Camargue hawana cha kujifunza kutoka kwa wa Rufiji: neti ya dirishani ni ya lazima.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za milimita 42, inatosha kwa yote haya. Asiyeweza kusafiri Mei aende Novemba katika ziwa la Der-Chantecoq huko Champagne, lililotengenezwa ili kupunguza mafuriko ya mto Marne na kukamilika mwaka 1974, ambako korongo wa kijivu wanaohama (kwa Kiingereza cranes, nao ni jamii nyingine tena) hutua kwa makumi ya maelfu jioni. Huko ndiko tunakokwenda Novemba mwaka huu, na mpaka sasa tumekwisha kununua blanketi la pili.