Ukienda Iraklia, uuachie upepo siku zake mbili

Wenzangu kazini waliposikia naenda likizo Ugiriki, wote walitaja Santorini. Mimi nimetoka kwenye miezi ya zamu za usiku, nataka mahali pasipo na foleni ya kupiga picha. Nikaenda Iraklia, kisiwa kidogo kusini mwa kisiwa cha Naxos chenye wakazi wasiofika 200 na vijiji viwili tu: Agios Georgios bandarini na Panagia juu mlimani.

Nilitokea Naxos kwa Express Skopelitis, kimeli kinachozunguka visiwa vya Cyclades Ndogo hadi kisiwa cha Amorgos. Kinayumba. Mtu wa Mkoani, Pemba, kama mimi hashangai, ila kijana wa jirani yangu alikumbatia mfuko wa kutapikia safari nzima.

Kosa langu lilikuwa kwenda Agosti. Kwetu kaskazi huvuma Desemba mpaka Machi; kule upepo wa kaskazini, meltemi, huja katikati ya kiangazi, na mbingu haina hata wingu la kukuonya. Asubuhi ya kuondoka nikashuka bandarini na begi. Mzee aliyekuwa akishona nyavu akanitazama, akainua kichwa na nyusi, akatoa mlio wa ulimi. Nikadhani ananisonya! Kumbe ndivyo Wagiriki wanavyosema hapana. Vyombo vimezuiwa, siku mbili. Ndege yangu ya Athens ikaondoka, na tiketi ilikuwa ya kutorudishiwa pesa.

Kwa hiyo usiku wa mwisho wa likizo lala Athens, si kisiwani. Na ukiweza nenda Juni au Septemba. Septemba bahari imeshapata joto la miezi mitatu, wageni wametawanyika, na bei ya chumba unaweza kuijadili na mwenye nyumba mwenyewe.

Kimya cha kule kina adabu zake. Kuanzia saa tisa mchana mpaka kama saa kumi na moja watu wamelala. Mimi nilibisha hodi saa tisa na nusu kuomba taulo, akanijibu paka. Maji ni ya kubana, usioge kama uko hotelini Dubai. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye kindoo, haiingii chooni. Beba pesa taslimu.

Chakula hakitakupa shida: kuna fava, dengu za njano zilizopondwa na mafuta ya zeituni, na kuna pweza. Wao nao humpiga kwenye jiwe alainike, kisha humwanika juani kwenye kamba kama nguo kabla ya kumchoma. Nilikula kila siku, sioni aibu.

Siku zile mbili za upepo nilipanda kwa miguu kutoka Panagia hadi pango la Agios Ioannis. Njia ni mawe matupu, haina kivuli, toka mapema. Mlango wa pango ni mdogo, unaingia kwa kutambaa, halafu ndani panafunguka ukumbi mzima. Chukua tochi, na suruali usiyoionea huruma.