Bega la Joey Liliteguka Kweli?

SWALI: Habari za kazi, dada. Mimi na mume wangu tumebishana wiki nzima. Katika msimu wa 3 wa Friends, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani, Joey anaonekana mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, anasema aliumia akirukaruka kitandani. Mume wangu anasema hicho ni kichekesho cha kuandikwa. Mimi naona mwigizaji aliumia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Umeshinda wewe, dada yangu. Bega liliumia kweli, kitanda ndicho cha kutungwa.

Rudini nyuma sehemu moja tu, ile iitwayo "The One Where No One's Ready", iliyorushwa Septemba 26, 1996. Katika misimu yote 10 hakuna ninayoipenda kama hiyo. Ross ana hafla makumbusho, saa zinakwenda, na wenzake hawajavaa. Karibu kila kitu kinatokea sebuleni kwa Monica, na sababu yake ilikuwa fedha: ukitumia seti moja, gharama zinashuka. Waandishi walipobanwa hivyo ikabidi watafute ugomvi ndani ya kile kile chumba, wakaupata kwenye kiti. Chandler kainuka kidogo, Joey kakikalia, basi. Kutoka hapo hadi Joey anaingia amevaa nguo zote za Chandler kwa mpigo, mimi huwa sipumui kwa kucheka.

Sasa, siku ya kurekodi, wawili hao walitakiwa kukiwahi kiti mbio. Matt LeBlanc, mwigizaji wa Joey, akairuka meza ya kahawa, akajikwaa, miguu ikaenda juu, naye akatua vibaya. Bega likateguka. Kazi ikasimama, akapelekwa hospitali.

Mkono uliofungwa huwezi kuuficha kwa mtu anayetembea na kukumbatia wenzake mbele ya kamera. Ndiyo maana sehemu iliyofuata, ile ya jamu, ikafunguliwa na maelezo ya kitanda. Mumeo basi hajakosea kabisa: maneno yaliandikwa, ila yaliandikwa kwa sababu ya maumivu ya kweli. Na Joey tunayemjua, mtu mzima anayerukaruka kitandani kwa raha zake, tunamwamini bila kuuliza.

Mkitaka kuyaona kwa macho, tafuteni kipindi cha Mei 2021 kilichowakutanisha tena waigizaji wakuu wote sita. Picha za ajali zenyewe zimo. Mimi nilijishika bega.

Humo humo wanasimulia jambo ambalo halijanitoka. Kabla ya kila kurekodi, wale sita walikuwa na desturi ya kukumbatiana kwa duara na kutakiana heri. Jioni ile hawakufanya hivyo. Baada ya ajali, hawakuiacha tena desturi hiyo.