Wenyeviti wapya wa mabaraza ya ardhi: nani atapangwa wapi?

Kila tangazo la nafasi za wenyeviti wa Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya au la mahakimu likitoka, barua zinazotufikia hubeba swali lilelile: vituo ni vipi? Tangazo lenyewe kwa kawaida halisemi. Safari hii tumekusanya barua za wasomaji wa Mwanza na jirani zake.

Nimeomba nafasi ya uenyekiti wa Baraza. Naishi Igoma na nina uwakili wa miaka kadhaa. Wenzangu wanasema Mwanza mjini lazima waongezwe watu kwa sababu ndiko kwenye migogoro mingi ya viwanja. Kuna namna ya kukisia kwa akili badala ya uvumi?
*Wakili, Igoma*

Ipo, lakini wenzako wameanzia pabaya. Ukubwa wa mji si kipimo. Baraza lina ukomo wa thamani: shilingi milioni 300 kwa shauri la kurejesha mali isiyohamishika, na milioni 200 kwa madai mengine yanayopimika kwa fedha. Kiwanja cha Capri Point kilichovuka hapo hakiji Barazani, kinakwenda Mahakama Kuu. Kwa hiyo ugomvi mkubwa wa mjini, ule unaosikika mpaka kwenye daladala, mara nyingi haumhusu mwenyekiti wa Baraza hata kidogo.

Mzigo uliongezeka vijijini. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Mabaraza ya Kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua, yakabaki na kazi ya kupatanisha tu. Ule ugomvi wa mpaka wa shamba la mpunga uliokuwa ukiishia kata sasa, upatanisho ukishindikana au siku 30 zikipita bila suluhu, unapanda wilayani moja kwa moja. Ningekuwa mtu wa kubahatisha, ningeweka dau langu kwenye wilaya za wakulima kabla ya Nyamagana ya mjini Mwanza.

Sasa fanya hesabu yako mwenyewe. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mahakama za Ardhi, Sura ya 216, kinamruhusu Waziri kuunda Baraza kwa wilaya, kwa mkoa au kwa kanda. Maana yake si kila wilaya ina Baraza linalofanya kazi, na mwenyekiti mmoja anaweza kuhudumia eneo pana. Chukua hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ardhi (Fungu 48), inayosomwa bungeni kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai, utafute sehemu ya mabaraza. Tofauti kati ya yaliyoundwa na yanayofanya kazi ndipo wenyeviti wapya wanapotazamiwa. Hotuba ikisema Baraza fulani limepata jengo au samani, hiyo ni dalili nzito kuliko malalamiko ya wananchi, kwa sababu mwenyekiti hapelekwi mahali pasipo na chumba cha kusikilizia, karani na masijala.

Halafu nenda ubaoni. Karatasi ya orodha ya mashauri hubandikwa nje ya Baraza, na pale kuna mambo mawili ya kusoma. La kwanza ni namba: ukiona "Maombi Na. 140 ya 2024" mwishoni mwa mwaka, ujue mashauri mapya ya mwaka huo hayapungui 140. Usichanganye na "Maombi Madogo". Hayo ni ya kusimamisha utekelezaji, kuongezewa muda na mengine ya namna hiyo, nayo hujaza orodha bila kuongeza uzito. La pili ni safu ya tarehe ijayo. Mashauri yakirushwa wiki mbili au tatu mbele, Baraza linapumua. Yakirushwa miezi mitatu, na yote yakaangukia siku zilezile chache za mwezi, ujue mwenyekiti anakuja kwa zamu kutoka kwingine.

Kuhakiki, ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, usome hukumu za rufaa za ardhi za Mahakama Kuu Mwanza, Musoma, Bukoba, Shinyanga na Geita. Utaona rufaa imetoka Baraza gani, na mara nyingi mwenyekiti aliyeamua anatajwa. Jina moja likitokea kwenye mabaraza mawili kwa kipindi kimoja, umepata kituo kinachosubiri mtu. Kumbuka tu kwamba rufaa inasomwa muda mrefu baada ya uamuzi wa chini, hivyo angalia tarehe ya uamuzi wa Baraza, usiangalie ya hukumu ya Mahakama Kuu.

Kuna dalili moja wengi wanaisahau: wazee wa baraza, wanaoketi na mwenyekiti na kutoa maoni kabla ya hukumu. Mwenyekiti hawezi kuanza kusikiliza shauri bila wazee wasiopungua wawili. Wazee nao huteuliwa na Waziri baada ya kushauriana na Sekretarieti ya Mkoa, hawazidi saba, watatu kati yao wawe wanawake, na muda wao ni miaka mitatu. Muda ukiisha bila uteuzi mpya, mwenyekiti aliyepo anabaki na maombi madogo mezani. Ukisikia mkoa fulani umepeleka majina ya wazee, tega sikio, hapo pana jambo linaandaliwa. Na kinyume chake: mahali wazee wameisha muda na hakuna kinachoendelea, usitarajie mwenyekiti wa pili wakati wa kwanza hana wa kukaa naye.

Uenyekiti wenyewe ni wa miaka mitatu, na mtu anaweza kuteuliwa tena. Kwa hiyo nafasi nyingine hufunguka kwa sababu tu kipindi cha mtu kimekwisha. Hizo hazionekani kwenye hotuba yoyote. Zinaonekana kwa kujua nani aliteuliwa lini.

Tuna shauri la shamba kwenye Baraza, tunatoka visiwani. Linaahirishwa kila mara, tunaambiwa mwenyekiti amehamishwa na anasubiriwa mpya. Je, akija tutaanza upya? Mashahidi wetu ni wazee, mmoja ameshafariki.
*Msomaji, Ukerewe*

Poleni kwa msiba, na kwa nauli ya meli inayolipwa ili kuambiwa tarehe nyingine.

Si lazima kuanza upya. Mwenyekiti mpya anaweza kuendelea pale mwenzake alipoishia, akitumia ushahidi ulioandikwa, kwa Kanuni ya 10 ya Amri ya XVIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambayo hutumika Barazani pale kanuni za Baraza zisipotosheleza. Lakini kuna sharti ambalo limeangusha hukumu nyingi: sababu ya shauri kuhama mikono lazima iandikwe kwenye mwenendo. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mienendo kwa kukosa mstari huo mmoja, na ikifutwa ndipo mnapoanza upya kweli, miaka ikiwa imepita. Siku ya kwanza mbele ya mwenyekiti mpya, simameni mwombe kwa heshima: "Mheshimiwa, tunaomba kumbukumbu zioneshe kwa nini shauri hili limehamia kwako." Hakuna atakayewaona wakorofi.

Jambo la pili ni wazee wa baraza. Wazee waliosikiliza mashahidi ndio wenye haki ya kutoa maoni. Wasipokuwepo tena, sheria inamruhusu mwenyekiti kumalizia na aliyebaki, au peke yake. Kosa ni kuingiza wazee wapya katikati na kuwataka maoni juu ya ushahidi ambao hawakuusikia. Maoni hayo yaandikwe, na yanaweza kuwa ya Kiswahili. Kisha yasomwe mbele yenu kabla ya hukumu. Mkisikia hukumu inasomwa na maoni hamkuwahi kuyasikia, andikeni pembeni, maana hiyo ni hoja ya rufaa, na rufaa kwenda Mahakama Kuu ina siku 45.

Kuhusu shahidi aliyefariki: kama alikwishatoa ushahidi, maneno yake yamo kwenye jalada. Ombeni nakala ya mwenendo sasa, mwone kama karatasi zote zipo. Majalada hupoteza kurasa hasa wakati wa makabidhiano.

Namalizia shahada ya sheria chuoni Malimbe. Nataka kuwa hakimu. Nikiomba, naweza kutaja Mwanza mjini? Kuna Kituo Jumuishi kikubwa, nadhani wanahitaji watu wengi.
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Binti, kwanza shahada pekee haitoshi, utapita mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Anayeajiri mahakimu ni Tume ya Utumishi wa Mahakama, na nafasi ya kuingilia ni Hakimu Mkazi Daraja la II, ambaye mara nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Unaomba kazi, huombi kituo.

Kituo Jumuishi hukusanya ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu ndani ya jengo moja. Kinachofanyika pale ni kuhamishia waliokuwa wametawanyika, na huduma nyingine zinatumika kwa pamoja. Jengo likiwa kubwa, nafasi mpya haziongezeki kwa kipimo hichohicho. Mwanza pia ni moja ya miji miwili, pamoja na Dar es Salaam, iliyoanza na mahakama inayotembea mwaka 2019. Gari likifika mtaani, hoja ya kufungua kituo kipya hapo inapungua.

Zaidi ya yote, mjini kuna foleni ya waliotangulia. Nafasi ikitokea Nyamagana au Ilemela, anayeitazama ni hakimu aliyekaa miaka Ngudu au Nansio, ana barua ya uhamisho kwenye jalada na watoto shuleni mjini. Yeye akihamia, wewe unakwenda alikotoka. Usiulize nafasi iko wapi, uliza nani ataruhusiwa kuhama.

Hapa kuna badiliko la kufuatilia. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema si ile ya kusubiri kivuko. Tunadhani, na hili ni kisio letu, kwamba waliokuwa wakiomba kuondoka upande ule watapungua. Vituo vitakavyoendelea kufunguka ni vile ambavyo daraja halivifikii, yaani visiwa vya Buchosa na Ukerewe, na Kwimba ya ndani.

Dada yangu ni mwanasheria Marekani. Anasema kuna majaji wa sheria za utawala, na wao pia hukaa wakibashiri ofisi gani itaajiri. Ni kitu gani hicho?
*Msomaji, Kirumba*

Ni maofisa wanaosikiliza mashauri ndani ya taasisi za serikali, nje ya mahakama za kawaida. Wengi wao wako kwenye mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, wakisikiliza rufaa za walionyimwa mafao ya ulemavu. Zamani walipitia mtihani na daftari la pamoja la waliofaulu. Mwaka 2018, baada ya Mahakama ya Juu kuamua shauri la Lucia dhidi ya SEC, tume ya huko inayosimamia masoko ya mitaji, Rais aliondoa utaratibu ule na kuziachia taasisi ziteue zenyewe.

Kisio lao linafanana na la hakimu wetu wa Ngudu. Kwenye Hifadhi ya Jamii umekuwepo utaratibu wa majaji walio kazini kuomba kuhama kwanza, kisha wapya wanajaza mabaki, kwa hiyo miji inayopendwa haifunguki kirahisi. Tofauti ni kwamba majalada yao ni ya kielektroniki na mashauri mengi husikilizwa kwa simu au video, hivyo ofisi iliyolemewa inaweza kupeleka kazi kwa jaji wa jimbo jingine bila kuajiri. Mwambie dada asitegemee sana takwimu za mrundikano. Atazame waliostaafu.

Mimi ni ofisa sheria wa halmashauri. Naweza kuomba, au nitarudishwa?
*Msomaji, Sengerema*

Inategemea nafasi. Matangazo yanayopitia Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba aliye tayari kwenye utumishi wa umma katika nafasi ya kuingilia asiombe nafasi nyingine ya kuingilia, na hutaja Waraka Na. CAC. 45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Kama nafasi haizuiliwi, pitisha barua kwa mwajiri wako, na uipitishe mapema kwa sababu sahihi ya mkurugenzi haipatikani siku ya mwisho wa maombi.

Wengi huanguka kwenye vyeti. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi badala ya cheti, wala matokeo ya muda ya chuo. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa, hata kwa herufi moja, andaa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kiapo cha wakili wa mtaani hakitoshi mara zote.

Mume wangu ameajiriwa Mwanza. Nikipangwa Meatu nikatae, nisubiri nafasi ya karibu?
*Mama wa watoto wawili, Buhongwa*

Usikatae, mama. Barua ya uteuzi ina muda wa kuripoti. Ukipita, anaitwa mwingine, na hakuna anayekutunzia nafasi ya Mwanza. Nenda, maliza kipindi cha majaribio cha miezi 12, uthibitishwe kazini, ndipo uandike ombi la kumfuata mwenza. Ambatisha cheti cha ndoa, barua ya ajira ya mume na barua yako ya kuthibitishwa, yote yapite kwa mkuu wako wa kituo. Ombi lisilopitia kwake hurudi lilikotoka. Kama una mwenzako aliye Mwanza na kwao ni Meatu au Maswa, taja jina lake kwenye ombi, mkiwa mmekubaliana kubadilishana. Kwa mwajiri, hilo ni rahisi kuliko kutafuta mtu wa kuziba pengo lako.

Kama nafasi yenyewe ni ya uenyekiti wa Baraza, kumbuka ni kipindi cha miaka mitatu. Watoto wakibaki Buhongwa, piga hesabu ya kodi mbili za nyumba kabla hujaweka sahihi.