Maswali ya afya: Dawa mpya ya yabisi, hatua ya kwanza

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 41, niko Tukuyu. Baridi yabisi imenishika vidole, mwaka wa nne huu. Asubuhi siwezi kufunga vifungo vya sweta mpaka jua lipande. Kila Jumapili nameza vidonge vitatu vya methotreksati. Mpwa wangu aliyeko Ujerumani anasema kuna dawa mpya inajaribiwa, hatua ya kwanza. Jaribio kama hilo likija Mbeya, nijiandikishe?

JIBU: Marahaba, mama. Usijiandikishe kwa kutafuta nafuu. Hatua ya kwanza hupima kama mwili unaistahimili dawa na dozi iishie wapi. Washiriki ni makumi tu, mara nyingi watu wazima wasioumwa. Nafuu huanza kutafutwa hatua ya pili. Hapo viungo 28 hubonyezwa kimoja kimoja kuhesabu vinavyouma, na baadhi ya wagonjwa huweza kupewa kitu cha kulinganishia, kisicho na dawa ndani, bila kujua.

Likija, omba kuona kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa nchini, na cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kisha uliza: nani anatangulia kupewa, na wengine wanasubiri muda gani? Machi 2006, London, wanaume sita walitundikiwa TGN1412, dawa iliyokusudiwa yabisi pia, wakipishana dakika chache tu. Ndani ya saa mbili wote walikuwa hoi, baadaye figo na mapafu vikalemewa. Hakuna aliyekufa, ila angetangulizwa mmoja, watano wangenusurika. Na dozi ile ilikuwa sehemu moja ya 500 ya iliyoonekana salama kwa nyani! Ukiambiwa "dozi ni ndogo", endelea kuuliza.

Uliza pia kipimo cha TB. Dawa nyingi mpya za yabisi hushusha kinga, na TB iliyolala huamka. Kama uliwahi kuishi na mgonjwa wa TB, sema, hata iwe zamani.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni vile vidonge vyako vitatu. Kama ni vya miligramu 2.5, jumla ni 7.5, dozi ya kuanzia. Daktari huipandisha taratibu hadi 20 au 25 kwa wiki, akipima damu na ini, na huongeza foliki asidi kupunguza vidonda vya mdomoni na kichefuchefu. Isiposaidia, huongeza salfasalazini na haidroksiklorokwini. Usiipandishe mwenyewe, wala usiimeze kila siku: huua uboho wa mifupa, unaotengeneza damu. Nenda na pakiti yako Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uwaulize kwa nini dozi haijapanda.